Walter Rodney: profesa ambaye cheti chake cha kifo kilisema hana kazi

Nyie ambao hamna kazi, mliokaa hapo kafe mnafungua barua pepe kila baada ya dakika tano mkisubiri kuitwa kwenye usaili, leo stori inawahusu nyie zaidi.

Kuna jamaa alikufa mwaka 1980 akiwa na miaka 38. Shahada ya uzamivu aliipata akiwa na miaka 24. Alishafundisha vyuo vikuu vya nchi kadhaa, na aliandika kitabu ambacho mpaka leo mwanafunzi wa kidato cha sita akiandika insha ya historia bila kukitaja anajiona kapungukiwa kitu. Lakini walipojaza cheti chake cha kifo, pale kwenye kazi ya marehemu wakaandika kwamba hana kazi.

Jamaa huyo ni Walter Rodney. Ukifuatilia ilikuwaje mtu kama yule akaandikwa hivyo, unajikuta unazunguka dunia nzima, na kipande kikubwa cha safari unakipita hapa hapa Dar es Salaam, pale Mlimani.

Mimi Rodney nilimjua kwa njia mbovu kabisa. Kidato cha sita mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili, tunalimeza jina na mwaka 1972, kisha tunakwenda kuvitapika kwenye mtihani. Darasa zima hakuna aliyewahi kukiona kitabu chenyewe. Tena mimi nilidhani ni Mzungu. Msinicheke. Nilisikia jina Walter Rodney nikajua ni Mwingereza fulani mwenye huruma na sisi. Matokeo yalipotoka yangu hayakutosha kwenda chuo, nikabaki mtaani. Huko huko mtaani ndiko mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, aliponiazima kitabu chenyewe, jalada limechanika na kurasa zimegeuka njano. Nilikisoma wiki tatu na kamusi pembeni. Tangu hapo namfuatilia huyu bwana.

Kilichonishika zaidi ni namna alivyopanga kazi zake. Wanasema mwalimu wa chuo kikuu ana kazi tatu: kufundisha, kufanya utafiti na kuitumikia jamii. Kwa wengi tunaowasikia hizi tatu zinagombania mtu mmoja. Anayetafiti hana muda na wanafunzi, anayefundisha anarudia madesa ya miaka 15 iliyopita, na huduma kwa jamii mara nyingi ni semina hotelini yenye posho na chai ya saa nne. Rodney watu wanamkumbuka kama mtu wa jukwaani, mwanamapinduzi. Sawa, alikuwa hivyo. Ila nikiangalia maisha yake naona mtu ambaye kabla ya kufungua mdomo mtaani alikuwa ameshafungua majalada. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, atakayebisha abishe.

Alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi 1942. Nchi yao, iliyoko kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza, leo ndiyo Guyana. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake mshonaji. Hela hakukuwa nayo, lakini siasa ilikuwa imejaa nyumbani. Mwaka 1953, akiwa na miaka 11, alikuwa anatumwa kusambaza vipeperushi vya chama mitaani. Shule alikwenda kwa kushinda nafasi ya kusomeshwa, akaingia Queen's College, sekondari kubwa ya pale. Mwaka 1960 akaenda chuo kikuu cha West Indies, Mona, Jamaika. Mwaka 1963 akamaliza historia kwa daraja la kwanza, akapata udhamini wa kwenda London, chuo cha SOAS.

London ndiko alikopiga msuli hasa. Alitaka kuandika historia ya pwani ya Afrika Magharibi, sehemu waliyoiita Guinea ya Juu, kuanzia mwaka 1545 mpaka 1800. Ni zile karne ambazo watu walikuwa wanapakiwa melini kupelekwa Amerika, na babu zake yeye wamo humo. Shida ilikuwa kwamba walioandika habari za pwani ile mwanzoni walikuwa Wareno. Wengi wangetafuta kitabu cha Kiingereza kinachowanukuu Wareno, mambo yakaisha. Yeye akajifunza Kireno, akaenda Ureno kuchimba nyaraka zenyewe, kisha Hispania na Italia. Yaani kijana wa miaka 22 hivi, mjukuu wa watumwa, amekaa Lisbon anasoma maandishi ya watu waliosafirisha watumwa.

Na alichokileta hakikuwa wimbo wa kuwafurahisha Waafrika. Alionyesha kwamba watawala wa pwani walishiriki. Machifu walipindisha hukumu, kosa dogo likawa la mtu kuuzwa, kwa sababu mnunuzi yuko bandarini anasubiri. Lakini akaonyesha na upande wa pili. Wazungu walikuwa wanasema utumwa waliukuta Afrika, basi wao walinunua tu kilichokuwepo. Rodney akarudi kwenye nyaraka za mwanzo kabisa za Wareno, akaona kwa pwani ile aina ya utumwa iliyokuja kusimuliwa baadaye haikuwepo namna hiyo. Biashara yenyewe ya kuvuka bahari ndiyo iliyoukuza. Hoja hiyo huwezi kuitoa kwa hasira peke yake, unahitaji tarehe na karatasi. Mwaka 1966 akapewa udaktari wake, na kazi hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1970.

Mwaka huo huo wa 1966 akaja Dar kufundisha. Alikaa kidogo, na Januari 1968 akarudi Jamaika kufundisha kwenye chuo chake cha zamani. Hapa ndipo mambo yalipoanza kunoga.

Pale Mona alikuwa anafundisha historia ya Afrika kwa wanafunzi waliosajiliwa, kama kawaida. Jioni na siku za mapumziko alishuka kwenye mitaa ya walalahoi wa Kingston. Alikwenda kwa Marasta ambao serikali ilikuwa inawaona wahuni, na kwa vijana waliokaa kwenye mifereji na kando ya majalala. Sisi tungesema alikwenda vijiweni. Anakaa chini nao, anawaeleza habari za Ethiopia na falme za kale za Afrika, na yeye anasikiliza. Marasta walikuwa na neno lao la kukaa pamoja na kuzungumza hivyo, na yeye akalichukua akaliweka kwenye jina la kitabu chake cha 1969, The Groundings with My Brothers.

Fikiria, mtu ana udaktari wa London, anaweza kukaa kwenye bustani ya chuo anakunywa kitu baridi, halafu anakwenda kukaa chini kijiweni. Na hakwenda kugawa msaada. Alikwenda na somo lile lile la darasani. Serikali isingeogopa msaada, iliogopa somo.

Oktoba 1968 alikwenda Montreal, Kanada, kwenye kongamano la waandishi weusi. Aliporudi tarehe 15 Oktoba, ndege ilipotua Kingston akazuiwa kushuka. Serikali ya waziri mkuu Hugh Shearer ilikuwa imempiga marufuku kuingia nchini. Kesho yake wanafunzi wa Mona wakaandamana, na watu wa mitaani wakaingia, mji ukawaka moto. Watu kadhaa walikufa. Yeye alikuwa amefundisha pale hata mwaka haujatimia.

Basi mwaka 1969 akarudi Dar, na safari hii akakaa mpaka 1974.

Vijana wenzangu, Dar ya wakati ule tunaisikia tu kwa wazee. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967. FRELIMO walikuwa na makao yao hapa, na wapigania uhuru wa nchi nyingine za kusini walikuwa wanapishana mitaani. Pale Mlimani kulikuwa na chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichoitwa USARF. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, ndiyo, huyo huyo wa Uganda, na humo alikuwemo pia Issa Shivji. Jumapili, wakati wengine wamelala au wamekwenda kanisani, wao wanafanya darasa la itikadi. Hakuna mtihani, hakuna maksi. Rodney alikuwa anakwenda. Walikuwa na jarida lao la Cheche lililoanza 1969, na mwaka 1970 jarida na chama vyote vikafungwa na wakubwa.

Darasani kwenyewe hakuwa mtu wa madesa ya zamani. Kwa kufundisha tu habari za mapinduzi ya Urusi aliandaa maelezo mengi kiasi kwamba mwaka 2018, miaka 38 baada ya kufa kwake, yalikusanywa yakachapishwa kuwa kitabu. Maelezo ya kipindi, wadau! Mangapi tuliyonakili sisi shuleni yangefaa hata kufungia maandazi?

Na utafiti hakuuacha. Nchi aliyoikuta aliitafiti. Alifanya kazi juu ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wale waliokuwa wanachukuliwa mbali na kwao kupelekwa mashambani kwa mkataba, ambao mpaka leo tunawaita manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Aliandika pamoja na Watanzania wawili, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, kazi ikatoka 1983 yeye akiwa ameshafariki. Nyingine aliandika juu ya uchumi wa Tanganyika wakati wa vita kuu ya pili. Hizi hazitajwi sana. Mimi naziona ni muhimu kujua, maana anayedhani Rodney alikuwa anapiga siasa tu Mlimani hajaziona.

Halafu 1972 kikatoka kile chenyewe, How Europe Underdeveloped Africa. Kilichapishwa Dar na Tanzania Publishing House pamoja na wachapishaji wa London, na maneno ya mwishoni yaliandikwa na Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Ukikifungua unaona kitu cha ajabu kwa mtu aliyesoma vile. Hajajaza tanbihi chini ya kurasa. Mwisho wa kila sura kuna maelezo mafupi ya vitabu vya kusoma zaidi, basi. Alifanya makusudi, kwa sababu hakuwa anawaandikia maprofesa wenzake wampigie makofi, aliandika ili asomwe na mtu wa nje ya chuo.

Hoja yake kwa kifupi ni kwamba umaskini wa Afrika si hali tuliyozaliwa nayo. Ulitengenezwa, na mkono ule ule uliotengeneza utajiri wa Ulaya ndio uliotengeneza huu wa kwetu. Anawajibu wale wanaosema ukoloni ulikuwa na mabaya lakini ulituletea reli na shule. Reli, anauliza, inatoka wapi kwenda wapi? Chukua ramani uone. Reli ya kati ya Wajerumani ilianza kujengwa 1905 ikafika Kigoma 1914, inatoka bara inakwenda bandarini. Haikujengwa ili mtu wa Tabora akamsalimie shangazi yake Mbeya. Na shule zilikuwa chache, za kupata makarani.

Kitabu kina wanaokipinga na mimi si malaika wa kukitetea kila mstari. Kuna sehemu anapaka rangi kwa brashi pana mno, Afrika nzima kwa kurasa chache. Na imani aliyokuwa nayo kwa nchi za kijamaa za wakati ule leo inasomeka vigumu kidogo. Makosa ya watawala wetu wenyewe baada ya uhuru hayamo sana, ingawa kwa kweli kitabu kinaishia kwenye ukoloni. Ila jaribuni kumkuta mwanahistoria mwingine ambaye kitabu chake kinauzwa kwenye meza za vitabu vya mitumba barabarani, nusu karne baadaye, na wapita njia wanakijua kwa jina.

Msidhani Dar alikuwa anabembelezwa. Desemba 1969 alitoa hotuba kwenye semina ya vijana, kali, juu ya mapinduzi Afrika. Gazeti la TANU, The Nationalist, likaichapa, halafu siku chache baadaye likamjibu kwa tahariri nzito ya kumkanya. Wengi wanaamini kalamu ilikuwa ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mgeni amekaa miezi michache nchini, tayari kachapwa na gazeti la chama tawala. Lakini hakufukuzwa, aliendelea kufundisha, na yeye akaendelea kuiheshimu nchi. Hapo wote wawili nawapa alama.

Sasa kwa nini aliondoka mwaka 1974? Hapa ndipo paliponigusa. Baadaye alieleza kwamba kazi yake ingekuwa na maana kamili pale tu ambapo angeweza kuzungumza na watu wa kawaida kwa lugha yao, aelewe utani wao sokoni, ajue neno lililofichwa nyuma ya neno. Kiswahili alikuwa amejifunza kiasi, lakini alijipima akaona hajafika huko na ingechukua miaka. Kwao Guyana hakuhitaji mkalimani. Yaani mtu ameheshimika, ana kazi, binti zake wawili Kanini na Asha wamezaliwa hapa hapa, halafu anasema lugha yangu haijatosha kuwatumikia hawa watu, ngoja nikawatumikie wa kwetu. Mimi ninayeandika Kiswahili bila jasho lolote nilikaa nikafikiria hilo.

Guyana alikuwa anasubiriwa na kazi nzuri. Chuo kikuu cha Guyana kilikuwa kimemkubali kuwa profesa wa historia. Alipofika akakuta imefutwa. Serikali ya Forbes Burnham haikumtaka, na mkono wake ulikuwa mrefu mpaka ndani ya chuo. Mke wake Patricia na watoto watatu wako naye, kibarua kimeota nyasi kabla hata hajakianza.

Ofa za nje hazikukosekana. Angeweza kupanda ndege akaenda kuwa profesa Marekani, watoto wakasoma, maisha yakaenda. Alichofanya ni kwenda nje kufundisha kwa muda mfupi, Marekani na Hamburg kule Ujerumani, anapata hela ya kula, anarudi Georgetown.

Huko Georgetown alifanya nini bila kazi? Alifanya zile tatu zote. Mchana unamkuta kwenye nyaraka za taifa akitafiti habari za wafanyakazi wa Guyana kuanzia 1881 mpaka 1905. Jioni yuko na wachimbaji wa madini ya boksaiti au na wakata miwa, anafundisha, anazungumza. Na alikuwa kwenye uongozi wa chama kilichoitwa Working People's Alliance.

Kuuelewa mseto huo inabidi muijue Guyana kidogo. Watu wake wengi ni wa asili mbili, Waafrika walioletwa utumwani na Wahindi walioanza kuletwa kwa mikataba ya vibarua kuanzia 1838, kufanya kazi kwenye miwa ile ile. Siasa ziligawanyika hivyo hivyo. Burnham alikuwa na Waafrika, mpinzani wake Cheddi Jagan alikuwa na Wahindi, na kila mmoja anaambiwa mwenzake ndiye adui. Rodney ni mweusi, kwa hesabu hiyo alitakiwa awe mtu wa Burnham.

Lakini yeye alikuwa amekaa kwenye nyaraka. Pwani ya Guyana ni ya chini, bahari ikijaa inazidi usawa wa ardhi, hivyo kupata shamba la miwa ilibidi kujenga kingo na kuchimba mifereji kwanza. Rodney anaonyesha kwamba watumwa walihamisha angalau tani milioni 100 za udongo mzito uliolowa, kwa majembe na mikono yao, ndipo nchi ile ikawa ya kukalika. Baada yao wakaja Wahindi wakaikuta mifereji ile ile inataka kuchimbwa na mabosi wale wale. Mtu aliyeona hesabu hizo akisimama mkutanoni akisema Mwafrika na Mhindi wamelimishwa tope moja, hasemi maneno ya kupoza watu. Mikutano yake ilianza kujaza watu wa pande zote mbili, na hicho ndicho Burnham asichoweza kukivumilia.

Tena alianza na kuandika vitabu vidogo vya watoto, kimoja juu ya mtoto aliyetoka Afrika aitwaye Kofi, kingine juu ya Lakshmi aliyetoka India, ili watoto wa kila upande wajue mwenzao alifikaje pale. Profesa mzima anaandikia watoto. Kwenye hesabu za kupandishwa cheo kitabu cha namna hiyo hakina hata alama moja, lakini cheo chenyewe si alikuwa ameshanyimwa.

Julai 1979 ofisi za serikali na za chama tawala ziliungua moto Georgetown, yeye na wenzake wakakamatwa na kushitakiwa kuzichoma. Kesi ikavutwa na kuvutwa. Mwaka 1980 alichomoka nje ya nchi kwa siri akaenda Zimbabwe kwenye sherehe za uhuru, halafu akarudi. Wadau, hapo ndipo huwa napata shida naye. Umeshatoka, uko Afrika, una marafiki kila mahali, kesi inakusubiri na watu wanakuwinda. Na una mke na watoto watatu. Kwa nini urudi? Nimesoma, nimeuliza, na jibu ninaloliona ni lile lile lililomtoa Dar.

Tarehe 13 Juni 1980 jioni alikuwa kwenye gari na mdogo wake Donald. Walikuwa wamechukua redio ya upepo kutoka kwa Gregory Smith, sajenti wa jeshi aliyejifanya yuko upande wao. Wakaambiwa waijaribu karibu na gereza la mjini. Ndani ilikuwa bomu, na lilikuwa mapajani kwa Walter. Donald akapona na majeraha, halafu mwaka 1982 akahukumiwa yeye kwa kukutwa na mlipuko! Smith alipelekwa Guiana ya Ufaransa, akaishi huko mpaka alipokufa mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani.

Kitabu alichokuwa anakitafiti bila mshahara wa mtu yeyote, A History of the Guyanese Working People, kilitoka 1981. Mwaka 1982 chama cha wanahistoria wa Marekani kikakipa tuzo, na mwandishi ana miaka miwili kaburini.

Familia haikunyamaza. Mwaka 2014 ikaundwa tume ya uchunguzi, na ripoti yake ya 2016 ikasema Smith hakuwa peke yake, vyombo vya dola vilihusika, na kwamba jambo kama lile lisingeweza kufanyika bila Burnham kujua. Aprili 2021 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu ya Donald, miaka 39 baadaye. Na Juni 2021 serikali ya Guyana ikatangaza kwamba cheti cha kifo kitarekebishwa. Pale palipoandikwa amekufa kwa ajali ya bahati mbaya paandikwe ameuawa. Na pale kwenye kazi ya marehemu, palipoandikwa hana kazi, paandikwe profesa.

Mdau yeyote mwenye nakala ya hicho kitabu cha 1981, hata kama imeliwa na panya, aniachie ujumbe hapo chini aseme anauzaje. Kile cha mzee jirani nimeshamrudishia, na ameniambia ana kingine.